Fundi kaunganisha majitaka vibaya na hela keshachukua: fanya hivi kabla hamjagombana

Kama maji ya choo yanarudi bafuni wiki chache tu baada ya fundi kukuunganishia na bomba kubwa la majitaka, na ukimpigia anakwambia "dada hayo ni matumizi yenu", usibishane nae kwanza. Usimtukane, usikimbilie polisi, na usimpe hata mia nyingine. Tafuta nondo ya kunyanyulia mfuniko ukafungue chemba, yani kale kashimo ka ukaguzi kenye mfuniko kwenye njia ya bomba la majitaka. Ugomvi huu ushahidi wake uko chini ya ardhi, na asieufukua anashindwa hata kama haki ni yake. Naandika nikiwafikiria watu wa Dar, ila ukiwa Mwanza, Tanga au Arusha mambo ni yaleyale, jina la mamlaka ya maji tu ndo linabadilika.

Yaliyotukuta sisi ni haya. Nyumba ya mama iko Ilala, ya zamani, na septiki tenki yake alijenga marehemu baba, kila masika inajaa tunaita gari la kunyonya. Bomba la mamlaka linapita hapo hapo barabarani, tukasema basi tuunganishe tuachane na habari za gari. Akaja fundi mtu mzima, mpole, kaletwa na jirani, tukakubaliana 2,800,000 kila kitu ndani yake, mabomba, chemba tatu, ufundi, na kibali akasema "hicho niachieni mimi, pale ofisini nafahamika". Hatukuandika chochote. Tukamlipa 2,300,000 kabla mtaro haujafukiwa na siku anafukia mimi nilikua kazini, mama yuko ndani kalala presha imempanda. Wiki ya tatu maji yakaanza kutokea kwenye tundu la bafuni. Mama ana miaka 72, akawa anavuka uchochoro saa kumi na mbili asubuhi na kandambili na ndoo anaenda kuoga kwa jirani, na mpaka leo nikikumbuka naumia.

Sasa twende kwenye cha kufanya.

Jua kwanza kosa liko wapi

Maji yakirudi sababu ni moja kati ya tatu. Inawezekana bomba la barabarani limeziba na hapo fundi wako hana kosa, inawezekana ndani ya nyumba mmetupa vitu ambavyo havitakiwi, au inawezekana kazi ya fundi ni mbovu. Fundi atasema ya pili, wewe utasema ya tatu, na mkibaki mnabishana kwenye simu mwezi unaisha.

Anza na chemba ya mwisho, ile iliyo karibu na barabara. Ukikuta imejaa na maji yamesimama, tatizo kuna uwezekano mkubwa liko mbele yake, piga simu mamlaka waje wazibue laini yao na umwache fundi kwanza. Ukikuta ya mwisho kavu halafu ya nyuma yake imejaa, basi tatizo liko kwenye kipande cha kati ya hizo mbili na hapo ndo pa kushughulika napo. Zote zikiwa kavu na choo bado kinarudisha, shida iko ndani ya nyumba.

Tahadhari ambayo naomba uisome mara mbili: ukinyanyua mfuniko nyanyua upande mmoja, kaa pembeni hewa itoke, usiinamishe uso wako pale na usiwe na sigara wala kiberiti karibu. Na kwenye septiki tenki au shimo usiingie kabisa na usimruhusu kibarua aingie, hata kama limeshanyonywa likaonekana tupu. Hewa ya mle inaua mtu ndani ya dakika, na anaeingia kumuokoa anakufa nae, imeshatokea mara nyingi sana hapa nchini.

Ukishajua kipande chenye shida, chukua bluu ya kufulia nguo, koroga kwenye ndoo, mwaga chooni, mtu mwingine asimame kwenye chemba anahesabu muda na kuangalia. Maji ya bluu yakifika kwa kasi na yote, safi. Yakija kidogo kidogo halafu yakakata, kuna sehemu yanakaa. Yasipofika kabisa na choo hakijajaa, basi kuna sehemu limepasuka au jointi imeachia, yanaingia ardhini, na hilo ni baya zaidi hasa kama jirani ana kisima.

Kuna kipimo kingine cha zamani ambacho mafundi wazee wanakijua, cha kioo na tochi. Bomba likiwa halina maji, mmoja anamulika tochi ya simu kutoka chemba moja, mwingine anaweka kioo kidogo kwenye chemba ya pili kwa mshazari aone ndani ya bomba. Ukiona duara zima la mwanga bomba limenyooka. Ukiona nusu duara, kama mwezi mwandamo, bomba limepinda au limezama katikati, na pale lilipozama uchafu unatulia kila siku mpaka linaziba.

Halafu pima mteremko. Hii ndo iliyotuokoa sisi. Bomba la inchi 4 la majitaka linatakiwa kushuka kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita moja, ndo ile mafundi wanasema inchi moja kila mita. Huhitaji mashine. Tafuta ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji bila mapovu, ncha moja ifungwe kwenye fito iliyosimama chemba ya kwanza na ncha nyingine kwenye fito iliyosimama chemba ya pili. Maji yakitulia yanakua usawa mmoja pande zote mbili, weka alama. Pima kutoka kwenye alama kushuka mpaka sakafu ya bomba, kila upande. Tofauti ya vipimo viwili ndo mteremko wako.

Kwetu kati ya chemba ya pili na ya tatu ni mita 12. Upande wa nyumbani tulipata sentimita 61, upande wa barabarani 67. Yani bomba limeshuka sentimita 6 tu kwenye mita 12, wakati ilitakiwa 30. Hata ukimhurumia ukasema nusu ya hapo, 1 kwa 80, yani sentimita 1 kwa kila sentimita 80, bado ni 15. Na chemba ya barabarani ilikua na kina zaidi ya mita, nafasi ya kushuka ilikuwepo, ila vibarua walichoka wakachimba mtaro juu juu na fundi hakuwaambia warudie. Kioo nacho kikaonyesha mwezi.

Kuhusu pampasi, tuwe wakweli. Ukipitisha springi ya kuzibulia ikatoka na pampasi, pedi, matambara au mafuta ya kupikia yaliyoganda, basi fundi ana hoja na wewe mwenye nyumba ubebe sehemu yako. Kwetu springi ilitoka na matope na karatasi tu. Nilipiga picha na hayo matope maana nilijua kesho atasema pampasi, na kweli alisema.

Ushahidi uwe na uso

Video ya bafu limejaa maji haitoshi, hiyo inaonyesha tatizo tu haionyeshi kosa la nani. Piga picha ya futi ya kupimia ikiwa imesimama ndani ya chemba na namba zinasomeka. Piga video ya zoezi zima la mpira bila kukata. Muite mjumbe au jirani mwenye heshima zake awepo, na andika kwenye karatasi: tarehe, saa, nani walikuepo, vipimo, wote wasaini. Muite na fundi mwenyewe, kwa meseji sio kwa simu, ili hata asipokuja ionekane aliitwa.

Kisha tafuta fundi bomba mwingine asiejuana na huyo wa kwanza, mwenye cheti cha VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) ikiwezekana, umlipe hela ya kuja kuangalia tu. Mwambie kabisa kwamba kazi ya kurudia hatopewa yeye, maana fundi anaetafuta kazi atakwambia kila kitu cha mwenzake ni kibovu mpaka mfuniko. Sisi tulilipa 50,000 akatuandikia ukurasa mmoja kwa mkono na namba yake ya simu. Ukurasa ule ulifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Malipo: kama ulituma kwa simu, chukua taarifa ya miamala kwa mtandao wako. Kama ulitoa keshi, mtumie meseji ya kistaarabu, "fundi nataka niweke hesabu sawa, mpaka sasa nimekupa 2,300,000 imebaki 500,000, ni sahihi?" Akijibu "ndio dada" umeshapata risiti. Watu wanadhani makubaliano ya mdomo hayana nguvu, si kweli, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua, kazi ni kuyathibitisha tu, na meseji za WhatsApp zinaweza kupokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Usizifute, na usibadilishe simu kabla hujazihifadhi.

Suala la kibali, na hapa wengi wanaogopa

Kujiunganisha kwenye bomba la majitaka bila idhini ya mamlaka ni kosa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Fundi akikwambia kibali kashashughulikia, muombe kontrol namba na risiti yake, kwa sababu malipo ya serikali siku hizi yanapita kwenye kontrol namba, hakuna cha "nimempa mtu pale". Laki tatu tuliyompa ya kibali haikuwa na kontrol namba yoyote, na tulipoenda kuuliza hapakua na maombi yoyote kwa jina la mama.

Nilikua na hofu kwamba tukijipeleka tutapigwa faini. Lakini fikiria, wewe ndie mwenye nyumba, siku wakikagua mtaa watagonga geti lako sio la fundi. Nenda mwenyewe ofisi ya eneo lako ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar (au mamlaka ya mji wako), waeleze ukweli, omba kuunganishwa rasmi, waje wapime. Pia ukiwa na mgogoro wa fundi huku una kiunganishi kisichojulikana, yeye atakutishia nacho, "ukinipeleka mbele na wewe utajibu ya kibali". Alinitishia hivyo hivyo. Nilimjibu kwamba nimeshaenda, na tangu siku hiyo sauti yake ilishuka.

Kama fundi alikupa risiti ya kughushi ya mamlaka, hilo sasa sio ugomvi wa kazi tena, ni jinai, na hapo polisi panahusika. Ila kazi mbovu peke yake ni madai. Ukienda polisi watakwambia uende mahakamani, na hao wanaokwambia toa hela fundi awekwe ndani siku mbili wanakuingiza kwenye tatizo lingine.

Mpe nafasi, kwa maandishi

Kabla hujaleta fundi mwingine kufukua, mpe wa kwanza nafasi ya kuja kuona na kurekebisha. Ni utu, na pia ni faida yako, maana ukifukua yeye hajaona atasema bomba mlilivunja nyie. Mimi niliandika hivi:

"Fundi salama. Tarehe 4 Machi tulikubaliana uunganishe majitaka ya nyumba ya mama kwa 2,800,000 na tumekulipa 2,300,000. Kazi ulimaliza tarehe 10, na tarehe 29 maji yakaanza kurudi. Jana tumepima mbele ya mjumbe, bomba la chemba ya pili kwenda ya tatu limeshuka sentimita 6 kwa mita 12 na katikati limezama. Picha hizo hapo. Naomba Jumamosi saa tatu uje upime mwenyewe. Nakupa siku 14 urekebishe kwa gharama zako. Usipokuja nitampa kazi mtu mwingine na gharama nitakudai."

Hamna tusi, hamna "mungu atakulipa". Meseji kama hii siku moja itasomwa na mtu asiewajua wote wawili, iandike kwa ajili yake.

Akikubali kurudia, usimruhusu afukie mpaka upime tena. Akikataa au akizima simu, siku zikiisha endelea, usiache nyumba inaoza ili hasara iwe kubwa umdai zaidi, sheria inakutaka upunguze hasara pale unapoweza na hiyo uliyoisababisha kwa kukaa tu hulipwi.

Piga hesabu yako vizuri na kwa haki. Yetu ilikua hivi: kurudia kipande na chemba moja 1,150,000, gari la kunyonya mara mbili 240,000, hela ya kibali aliyochukua 300,000, jumla 1,690,000. Halafu toa 500,000 ambayo tulikua bado hatujamlipa, inabaki 1,190,000. Watu wengi hawatoi ile salio, wanadai hela yote waliyolipa toka mwanzo wakati mabomba ya ndani na chemba mbili ziko sawa na wanazitumia. Ukidai kilichozidi hata kilicho chako kinatiliwa shaka.

Nani wa kumwendea

Anza serikali ya mtaa. Mwenyekiti hana nguvu ya kumlazimisha fundi kulipa, ila fundi wa mtaani anaishi kwa jina lake, na kukaa kwenye benchi la ofisi ya mtaa huku karatasi ya vipimo inasomwa kwa sauti sio jambo dogo. Sisi yaliishia hapo. Fundi alisema "mama nisamehe, vijana waliniangusha", akakubali 900,000 kwa awamu tatu, mwenyekiti akaandika, wakasaini wote, muhuri ukagongwa. Mama ndo alikubali kupunguza, mimi nisingepunguza. Awamu mbili zilikuja kwa wakati, ya tatu ilichelewa mwezi na nusu lakini ilikuja.

Isipowezekana mtaani nenda Mahakama ya Mwanzo. Madai ya fedha mpaka milioni 30 yanasikilizwa pale, lugha ni Kiswahili, unaeleza mwenyewe. Beba makubaliano, taarifa ya miamala, karatasi ya vipimo yenye saini, ukurasa wa fundi wa pili na risiti za kurudia kazi, na mjumbe awe tayari kuja kutoa ushahidi. Usikae miaka ukidhani ipo tu, mashahidi wanahama.

Kama aliekufanyia kazi ni kampuni, angalia kama imesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, na lalamiko lako lipeleke na huko, kampuni inaogopa usajili wake kuliko inavyokuogopa wewe. EWURA, wale wadhibiti wa huduma za maji na nishati, haihusiki na fundi wako. Yenyewe unaiendea kama tatizo ni la mamlaka ya maji, kwa mfano laini ya barabarani inaziba kila mara umelalamika kwao hawashughuliki, na lazima uanze kulalamika kwa mamlaka kwanza.

Kazi ikirudiwa

Mabomba nunua mwenyewe ukiwa na fundi dukani, dai risiti ya mashine. Ufundi lipa kwa vipande: kidogo akianza, kingine mtaro ukiwa wazi na umepimwa, na cha mwisho bakiza hata asilimia 15 mpaka mwezi mmoja wa matumizi upite. Andikeni hivyo toka mwanzo, fundi anaejiamini hakatai.

Mtaro ulale wazi. Siku hiyo ziba bomba upande wa chini, jaza maji, subiri, angalia kama yanashuka na kila jointi iguse kwa mkono. Chini ya bomba kuwe na mchanga ulioshindiliwa, sio mawe na vipande vya tofali, maana bomba letu lilizama pale ambapo walijazia kifusi laini bila kushindilia. Kila kona iwe na chemba. Bomba la maji ya kunywa lisilale mtaro mmoja na hilo.

Maji ya mvua kutoka paani usiyaingize humo, mvua ikinyesha laini yote ya mtaa inafurika na yanarudi kwenye nyumba ya aliye chini kuliko wote. Na septiki tenki ya zamani, ukishaunganishwa lisiachwe tupu, linyonywe halafu lijazwe mchanga au kifusi, watoto wasije kutumbukia.

Ukija kuweka pevu (matofali ya kutandaza chini) uani usifunike mifuniko ya chemba. Sisi tumepima umbali wa kila chemba kutoka kona ya nyumba, tukachora, tukaandika na kina chake, na karatasi hiyo inakaa kwenye faili moja na hati ya kiwanja.